Sufuria ya Bibi Karin Haijarudi

Bredäng, Stockholm, majira ya baridi 1969

Dada Zuhura,

Mimi mzima, usihangaike. Wasiwasi wangu ni wa jirani. Mafua ya Hong Kong yametuingilia huku. Kwenye treni watu wanakaa mbalimbali, na anayekohoa anatazamwa kama mwizi.

Jumatatu nilisikia Bibi Karin, mjane wa mlango wa pili, anaumwa. Nikampelekea uji wa tangawizi. Hakufungua! Akaniambia kupitia tundu la barua mlangoni, "Nenda zako, utaambukizwa." Niliudhika, maana kwetu anayekuja kumwona mgonjwa hafukuzwi. Nikaiacha sufuria pale chini. Jioni nikaikuta mlangoni kwangu, imeoshwa, ndani mna tufaha. Tangu hapo nampelekea kila asubuhi, na kila jioni inarudi.

Ya jana haijarudi. Uji umeganda, kifuniko hakijaguswa. Nimegonga mpaka vidole vinauma. Mwenye funguo za jengo ameahidi kuja, naye anakohoa.

Nibusie wanao. Mama usimwambie kitu. Nakuandikia nimekaa ngazini, mkabala na mlango wake, na sasa hivi nasikia funguo zinapanda.

Mdogo wako,
Rehema