Mama na Mtu wa Sayari Nyingine

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaharibu kitu ambacho sitaweza kukirudisha.

Mimi ni fundi cherehani, na tangu utotoni ndoto yangu ni filamu, basi mwaka huu nikasema liwalo na liwe, nikatunga filamu fupi ya mapenzi kati ya mama mjane na mwanamume aliyeanguka na chombo chake kutoka sayari nyingine, na kwa kuwa mifuko ilikuwa mitupu, chombo cha angani tulikiunda kwa friji bovu, kofia yake ikawa ya pikipiki tuliyoipaka rangi ya fedha, na kamera ni simu ya mdogo wangu. Siku ya kurekodi, dada aliyekubali kuigiza akazima simu, na watu wameshakusanyika, nikamwangukia mama yangu, naye ni mjane kweli, akacheka, "Mimi na uzee huu?" lakini gauni akavaa. Mtu wa sayari alikuwa jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti, naye alifiwa na mkewe zamani, mpole hata salamu yake lazima uitegee sikio.

Mwishoni yule mtu anarudi kwao, na mama alitakiwa kumpungia tu. Badala yake akamshika mkono, akasema maneno ambayo sikuyaandika mimi: "Usiende. Nimepika cha watu wawili." Shangazi, nilisahau hata kusema "kata"!

Tukaionyesha katika ukumbi wa mtaa wetu, kwenye shuka jeupe. Mwanzoni watu walilicheka friji. Mwishoni ukumbi mzima ulisimama, wachomeleaji wenzake jirani wakipiga miluzi. Sasa tamasha la filamu limetuchagua, na hapo ndipo kaka mkubwa amekuja juu: "Pale pa kushikana mikono pakate. Unamvunjia marehemu baba heshima!" Nikamwendea mama, alikuwa anakunja nguo, akanijibu bila kuinua macho, "Mwanangu, pale sikuigiza."

Nikikata namuumiza mama, nisipokata nampoteza kaka. Nifanyeje?

Fundi Asiyelala

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera, maana naona mwenyewe umesahau kujipongeza. Umerusha friji angani na watu wakaamini, halafu unatishwa na mkono wa mama yako?

Nakuhurumia, kuwekwa kati si mchezo. Ila mama amekufungulia moyo, nawe badala ya kuvuta kiti ukae naye, umekimbilia gazetini! Kaka yako si mbaya. Bado anamlilia baba. Lakini majonzi ni yake, asimfungie mama humo. Tena wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wewe unataka kukitibu kwa mkasi?

Usikate hata kidogo. Leo hii mwulize mama anataka nini, kisha unyamaze umsikilize. Kaka akirudi na maneno, mwambie, "Mama yuko ndani, kaongee naye." Wewe si mjumbe wao. Na huyo jirani mpole mwambie nimesema hivi: filamu imekwisha, hakuna tena wa kumtungia maneno. Apige hodi mlango wa mbele, mchana kweupe, ajieleze kiume.

Halafu uketi kwenye cherehani yako umshonee mama gauni la tamasha, lenye rangi, si la kujificha. Kaka mwekee kiti, aje asije. Na makofi yatakapoanza, usitazame filamu. Mtazame mama.