Nyumba ya Mama Yako Ilibomolewa Ili Wageni Wapate Kazi

Kijiji cha Nasavuki,
Kadavu, Fiji.
8 Septemba 2019

Mpendwa binamu Peceli,

"Wageni wetu hawaigharimu Nasavuki chochote, wanakuja na mikono yao, wanaondoka wakiwa wameacha jengo." Hayo ni maneno yako mwenyewe, yamechapishwa kwenye jarida la kanisa lenu huko Auckland, chini ya picha yako umevaa tai. Yalisomwa hapa Jumapili iliyopita baada ya ibada, na watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nitakueleza kwa nini, lakini kwanza nikusalimu, maana hasira haijanimalizia adabu.

U hali gani? Litia hajambo? Na watoto je, bado wanakielewa Kifiji, au siku hizi wanakisikia kama redio ya jirani? Sisi huku tunaendelea. Magimbi yamekubali mwaka huu, mvua haikutuonea. Baba magoti yanamsumbua, lakini ukimtajia magoti anakufukuza. Ningependa kuandika kwamba mama yako naye ni mzima, kama yeye mwenyewe anavyotaka niandike. Siandiki hivyo. Anakohoa, na analala jikoni.

Usiruke mistari, Peceli. Soma polepole.

Unalikumbuka kundi la kwanza la vijana wa kujitolea ulilotuletea, lile lililojenga chekechea. Kazi ile ilikuwa ya haki. Kimbunga kilikuwa kimeondoka na shule ya zamani, na vijana wale walichanganya zege pamoja nasi mpaka viganja vikachubuka. Nilishukuru, na bado nashukuru. Kundi la pili likajenga vyoo. La tatu likapaka chekechea rangi. La nne likaipaka rangi nyingine juu ya ile ya kwanza kwa kuwa halikukuta kitu kingine cha kufanya, na kwa juma zima watoto wakawa wanarudi nyumbani na migongo ya buluu. Hapo ndipo ulipopaswa kusema basi. Badala yake ukamwandikia Waisale, mkuu wetu wa kijiji, kwamba kundi la Julai ni kubwa na wote wameahidiwa kumjengea mtu nyumba. Uliwaahidi nyumba ya nani, binamu? Ulimuuliza nani kama kuna asiye na nyumba?

Unawajua watu wetu. Mtu amevuka bahari, ameweka mbele ya wazee mizizi yake ya yangona, ile tunayoitwanga kuwa kinywaji cha heshima, na kuomba kupokelewa, nao wameipokea. Baada ya hapo huwezi kumwambia kazi hakuna, kaa ule samaki. Ni sawa na kumfukuza. Waisale aliliona hilo mapema, akaita mkutano ukumbini, na bakuli la yangona likawekwa katikati.

Walianza kwa kuzitaja nyumba za watu ambao hawakuhudhuria. Walipoisha hao, wakageukiana wenyewe.

"Ya Sakiusa imeinama," Waisale akasema.

"Imeinama tangu siku uliyokuja kumchumbia dada yangu," Sakiusa akamjibu, "na mpaka leo inasimama vizuri kuliko wewe ukishakunywa."

Watu wakacheka mpaka wakamwaga vinywaji. Nikasimama nikasema huu ni wendawazimu, nyumba imara haivunjwi ili wageni wapate mazoezi. Niliwaambia wawaandikie wageni ukweli: njooni mkae nasi, mle nasi, mvue nasi, tumeshajengewa ya kututosha.

"Semisi na vitabu vyake!" Waisale akasema. "Mpeni bakuli jingine huyo, mdomo wake upate kazi."

Hapo ndipo sauti ya mama yako ilipotoka upande wa wanawake. "Bomoeni yangu," alisema. "Mwanangu ndiye aliyewaita."

Hakuna aliyecheka tena. Wala hakuna aliyempinga zaidi yangu, kwa kuwa alikuwa amewaokoa wote waliokuwa mle ndani.

Nyumba yenyewe unaijua. Baba yako aliijenga kabla hujazaliwa, kwa nguzo za mti wa vesi ambao mchwa wanaugusa wakaenda zao. Kimbunga kilichobeba shule kilipita juu yake kikang'oa mabati mawili tu. Wanaume wa kijiji waliivunja kabla mashua ya wageni haijafika, wageni wasije wakaona nyumba nzuri wakaona haya kuigusa. Mama yako aliwapikia wavunjaji chakula. Mabati ya zamani yakagawiwa kwa mabanda ya nguruwe, kwa sababu mapya yalikuwa njiani. Nguzo zilizopasuka wakati wa kung'olewa ziliingia kwenye tanuri la shimoni, zikaivisha nyama ya karamu ya kuwapokea wageni wako.

Wageni wakashuka, wakamkuta mjane anaishi jikoni, wakalia. Walilia kweli, sikejeli. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Msichana mmoja anaitwa Hayley, pua imembabuka kwa jua, alimshika mama yako mkono akauliza hapo awali alikuwa anaishi wapi.

"Mwambie nilikuwa na nyumba mbaya," mama yako akaniambia.

"Shangazi, siwezi kusema hivyo."

"Wewe Semisi, usinitie aibu mbele ya mgeni. Mwambie!"

Nikamwambia. Msichana akamkumbatia, na wenzake wakapiga picha. Nyumba ya baba yako imeitwa mbaya na mjane wake mwenyewe, ili binti wa watu arudi kwao na moyo mkunjufu. Andika na hilo kwenye jarida.

Vijana wenyewe siwalaumu. Hawakuwa mafundi na hawakujidai kuwa mafundi. Waliamka mapema, wakabeba matofali, wakaimba na watoto, wakaugua matumbo, wakabeba tena. Mafundi wetu walikaa pembeni wakiwatazama, kwa sababu kumnyang'anya mgeni nyundo ni kumtusi, na kumwambia ukuta wake umepinda ni zaidi ya kumtusi. Mabati mapya hayakupanda meli. Yako Suva mpaka leo, ghalani, kwa jina la kamati yenu ya kanisa, na hakuna anayeweza kuyachukua bila saini yenu. Siku za wageni zikaisha. Tuliwaimbia wimbo wa kuaga, wakalia mara ya pili, wakaondoka.

Walichoacha ni kuta zinazonifika kidevuni, bila paa wala mlango. Ndani panaota majani. Kwenye ukuta wa mbele wameandika majina yao kwa rangi nyekundu, na mama yako hufagia chini yake kila asubuhi, watu wasije wakasema amedharau zawadi.

Najua utakavyojibu. Utasema mama alijitolea mwenyewe, hakulazimishwa. Hayo ni maneno ya mtu aliyekaa mbali mpaka amesahau alikozaliwa. Mwanamke ambaye mwanawe amewaita wageni, na wageni hao hawana kazi, angesema nini kingine mbele ya kijiji kizima? Ulimfunga kamba kutoka Auckland, halafu unamsifu kwa kutulia.

Utasema pia kwamba tuna mafundi, basi wamalizie. Wako tayari, Sakiusa wa kwanza. Lakini kamati yenu imemwandikia Waisale kwamba kundi lingine linakuja Aprili kukamilisha, naye amepokea ahadi hiyo mbele ya wazee. Sasa yeyote atakayeweka tofali juu ya tofali la wageni atakuwa ametangaza kwamba wageni wameshindwa. Nimebishana na Waisale mpaka ameacha kupita mbele ya nyumba yangu. Amri anayo mtu mmoja tu, aliyewaita. Ni wewe.

Na kati ya leo na Aprili kuna nini, Peceli? Umesahau hata hilo? Vimbunga vinaanza Novemba. Jiko la mama yako limeezekwa turubai, limekazwa kwa mawe. Upepo wa kawaida tu wa juma lililopita ulilibeba turubai lote, tukakimbizana nalo mpaka kwenye mikoko. Muuguzi wa zahanati amempima kifua akamkataza kulala penye moshi. Nikamwambia ahamie kwangu, chumba kipo. Unajua alivyonijibu?

"Nikihama, watasema wageni wa Peceli wameniacha bila nyumba."

Basi analala kwenye moshi ili jina lako libaki safi. Barua hii amenikataza kuiandika. Nimemwambia ninamwandikia mtu habari za magimbi.

Mimi na wewe ni watoto wa kaka na dada, desturi imeturuhusu kutaniana na kutukanana tangu tulipokuwa wadogo, na siku zote tumeitumia ruhusa hiyo kwa kucheka. Leo sicheki. Ningekuwa ndugu yako wa baba mmoja ningelazimika kukuambia haya kwa kuzungukazunguka.

Nisalimie sana Litia, mwambie mkeka wake umekamilika. Msalimie mjomba Inoke na wote wanaoniulizia. Baba anakuombea kila jioni, magoti au la. Mungu awalinde ninyi nyote mnaolala chini ya paa, na amlinde mama yako.

Sasa nasema nawe, pamoja na Mchungaji Apenisa na Bi Torika wa kamati yenu. Wasomee barua hii kwa sauti. Futeni kundi la Aprili. Tieni saini mabati yatoke Suva juma hili. Kisha wewe, Peceli, panda ndege kabla Oktoba haijaisha, keti mbele ya wazee na yangona yako mkononi, uwaambie kwa mdomo wako kwamba kazi ya wageni wako imeishia hapo ilipo, halafu upande juu ya kuta zile pamoja na Sakiusa na mimi, umwezekee mama yako nyumba.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata leo,
Semisi