Kwa Baba, kuhusu mti nilioupima

Baba,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikuwa na habari kamili, nawe hukupenda mtu anayefungua mdomo akiwa na nusu yake. Sasa ninayo yote, na hainipendezi.

Nianze na ya nyumbani. Mama anakula, analala. Siku ya kuondoa matanga yako ua ulijaa, nami nikazungumza kwa niaba ya watoto wako. Walisema nilizungumza vizuri. Sikumbuki nilichosema, ila nakumbuka nilimsahihisha Baba Mdogo alipokosea jina la kijiji mlichoishi Karagwe. Sikulia. Wengine wameona huo ni ujasiri wa mtu aliyesoma. Ni kama mkono ulioulalia usiku kucha: unauona, unajua ni wako, lakini ukiugusa hausemi kitu.

Jumapili bado natembea. Baada ya Misa napita bustani ya ufukweni, nakata kona ya mianzi kando ya mto, napanda mlima Rubavu kwa njia ile ya nyuma, kisha nateremkia mwisho wa mji, mashamba ya maharagwe yanapoanza. Natembea peke yangu. Majirani uliokuwa ukiwaongoza wameacha. Walikuwa wakikufuata wewe, mwalimu mstaafu mwenye koti jeusi na mikono mgongoni, hawakuwa wakifuata miti uliyowaonyesha. Namkumbuka Mama Furaha, muuza sambaza, vidagaa vya ziwani, akihema nyuma yetu mlimani: "Bon, Mwalimu, tunatembea hivi tangu asubui, tunaenda fasi gani?" Nawe, bila kugeuka: "Tunakwenda kurudi, mama." Akacheka mpaka akakaa chini.

Unaijua siku ninayotaka kuizungumzia.

Tulikuwa pale chini ya mlima, kwenye kiwanja kilichotengwa kuwa bustani mpya ya umma. Ulisimama chini ya mti wa umuvumu, ukawaambia majirani kwamba hapo ndipo lilipokuwa boma la Babu kabla hajakimbilia Tanzania na wewe mgongoni mwa Bibi. Ukawaeleza kwamba umuvumu hupandwa kwenye ua wa boma, na watu wakiondoka, mti hubaki. Bibi alikuwa amekuelekeza: ziwa kushoto, mlima mgongoni, umuvumu langoni. Hukuwa ukidai ardhi. Ulitaka kusimama hapo kila Jumapili, basi.

Nami nilikuwa na kamba ya kupimia mkobani. Nikazungushia shina, nikapiga hesabu kwa sauti, nikatangaza kwamba mti wa unene ule hauzidi miaka thelathini, ilhali Babu aliondoka zaidi ya miaka sitini iliyopita. "Kwa hiyo, Baba, ama si mti huu, ama si mahali hapa." Nilitamka "ama" zote mbili kama mtu anayetetea tasnifu. Mmoja wa majirani akacheka. Mama Furaha alikuwa akitazama viatu vyake.

Ulisema, "Sawa, msomi." Hukuwahi kuniita hivyo. Jumapili iliyofuata ukasema goti linauma.

Kisha kamati ya bustani ikaniomba, kwa kuwa nina shahada ya mazingira, niorodheshe miti inayostahili kubaki. Kuhusu umuvumu ule niliandika: mti mchanga, hauna thamani ya kihistoria. Nikatia saini. Ningeweza kukwambia niliandika hivyo kwa uaminifu wa kitaaluma, na ungenisikiliza hadi mwisho, kisha ungeniuliza swali moja tu. Niliandika ili nishinde tena.

Wakauchora msalaba wa rangi nyekundu. Mama ameniambia ulipita pale ukitoka kanisani, ukagusa rangi kuona kama imekauka, ukarudi nyumbani, ukaomba chai. Hukunitajia. Mwezi haukuisha, moyo wako ukasimama, ukiwa kitini, redio inaendelea kusema.

Wiki moja baada ya kuondoa matanga, Mama Furaha alikuja. Alikaa kwenye ngazi za jikoni, akakataa kiti.

"Mutoto yangu, ule muti wa zamani, pale ulipima, ni siye tuliukata. Mi na bwana yangu. Tulitoka Masisi, kule Kongo, bila kitu. Ilikuwa munene, watu wane hawaizungushe mikono. Tulichonga ndani muvure, kama mutumbwi, ya kukamulia ndizi ya pombe, tukauza urwagwa, ndiyo tukakula. Hii ya leo iliotea kwa kisiki."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Ningesema nini? Ati, Mwalimu, muti ya baba yako nimeukunywa? Nilisikia haya. Na we uliongeaka sana, nani angeingia?"

Nilikwenda na jembe. Nilifukua kuzunguka shina nikakuta ukingo wa kisiki cha kale, umeoza nusu, mpana kuliko meza yetu ya kulia. Nilikuwa nimepima chipukizi. Hesabu yangu haikuwa na kosa, Baba, na hilo ndilo linalonisumbua. Aliyejua alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, na katika vitabu vyote nilivyosoma sikupata wazo la kumgeukia na kumuuliza.

Niliiandikia kamati. Mwenyekiti akanijibu mlangoni kwake, bila ukali: "Wewe ndiye uliyetuandikia kwamba ukatwe. Jumamosi ya umuganda mtaa mzima utakuja kujitolea, na mapanga, kusafisha njia. Njoo uwaambie mwenyewe kabla hawajaanza."

Ni keshokutwa. Majirani walewale watakuwapo. Mama Furaha naye amesema atakuja, lakini ameniomba nisimtaje, nami nimekubali.

Huenda wasinisikilize. Orodha ina saini yangu, na njia imeshachorwa kupita pale. Nimejaribu kuogopa, sijaweza. Nimejaribu kuhuzunika, naona bado. Labda vitakuja pamoja, siku moja, nikiwa nafunga kamba za viatu.

Pumzika, Baba. Mama nitamtunza, usiwe na shaka naye. Na Jumamosi, mbele yao wote, nitasema kwamba ulikuwa sahihi na mimi nilikosea, na nitawaonyesha kisiki. Watauliza ni nani aliyeukata ule wa kwanza. Watauliza kwa kejeli, kwa sababu wananijua, mtu asiyekosa jibu. Nakuahidi nitasimama pale, nitawatazama, na nitanyamaza.

Mwanao,
Gasana