Uzamili wa Kuta za Vioo

Area D, Jumanne

"Bila shahada ya uzamili, mzee wangu, utabaki mchoraji tu." Kaniambia hayo leo mkuu wa ofisi yetu, msanifu majengo mwenye uzamili wake, huku anajifuta jasho.

Ukuta wa vioo wa ofisi hii, unaotazama magharibi, aliuchora yeye mwenyewe. Kila alasiri tunaubandika maboksi ili tuweze kuona kompyuta.

Nikamuuliza, "Bosi, hili la maboksi mlifundishwa muhula gani?" Wenzangu wakainamia meza. Nikamtajia nyumba ya tembe ya bibi yangu kule Bahi, kuta nene na paa la udongo, baridi mchana kutwa.

"Hilo zizi," akasema.

Zizi! Ng'ombe wa bibi walilala pazuri kuliko hapa tunapofanyia kazi sisi.

Kinachoniuma ni kwamba kuhusu cheo hajakosea. Nisipousoma huo uzamili, michoro yangu itapitia kwake hadi nistaafu, naye ataitia vioo. Nikiusoma, naogopa nitaanza kuvipenda.

Basi nyie wahadhiri wa vyuo mnaotaka niombe nafasi ya uzamili kwenu, nionyesheni kwanza jengo moja la mwanafunzi wenu ambamo mtu anakaa kwenye joto la Oktoba bila kiyoyozi.