Mnara Wako Umeyeyuka

Kimandolu, Arusha

Zawadi mdogo wangu,

Natumaini bibi unayemuuguza amepata nafuu. Huku ni baridi, na Mlima Meru haujatoka mawinguni tangu nifike.

Vipande vya mji wetu wa sayari ya mbali, ule wa mchezo wetu wa vita wa mezani, vilifika salama. Vimeungana na vya binamu Baraka bila kuacha nafasi, kwa sababu sote tulivikata kwa kipimo cha daftari. Mnara wako tuliusimamisha katikati ya uwanja wa vita. Wenzake Baraka wakaanza: "Mbona mweupe hivyo? Huko Singida mnapigana kwenye mtindi?"

Uliniomba nisiupake rangi mpaka uje. Niliona haya kuwaambia kwamba mdogo wangu amenikataza. Nikachukua rangi ya magari kwenye gereji ya mjomba, nikapuliza. Sikujua kwamba rangi ile inakula povu gumu, lile la mnara wako tulilotoa kwenye boksi la televisheni mpya ya jirani. Madirisha uliyoyachonga kwa wembe yalizama, kisha mnara wote ukajikunyata mbele ya macho yetu.

"Vita imekwisha kabla hatujapanga majeshi!" Baraka akasema, wote wakacheka. Nami nilicheka, Zawadi. Hilo linaniuma kuliko mnara wenyewe.

Kitako chake cha mbao kimebaki, na bado kinaungana sawasawa na vingine. Nimewakatalia wasiweke chochote juu yake.

Mpe bibi shikamoo yangu. Ukinikasirikia utakuwa na haki, ila usiache kuchonga.

Kaka yako,
Elia