Kigoda cha Bibi

Buzuruga, Mwanza

Mchumba wangu Nyanzala,

Marahaba. Unauliza uwafundishe nini wazee unaowahudumia huko Dodoma ili wasisahausahau. Umemuuliza bingwa: mimi sijasahau kitu tangu nizaliwe!

Haya, nimedanganya. Juzi nilikwenda sokoni, njia ya kurudi ikanipotea. Baba yako mdogo, ambaye kiwanda cha samaki kimemwachisha kazi na sasa anauza mapanki, yale mabaki ya sangara wakishatolewa minofu, alinirudisha akiwa amenishika mkono kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Nikamkumbuka bibi yangu. Kila jioni alisimama mlangoni mwa zizi, akimwita kila ng'ombe kwa jina lake na la mama yake. Siku moja akamwita mtamba mmoja kwa jina la ng'ombe tuliyekwisha kumla. Nilicheka, nikamwigiza mbele ya wageni. Baba akamwekea kigoda jikoni, kwa heshima kabisa. "Mama, pumzika. Tutawaita sisi." Hata kuchambua mbegu tukamnyang'anya. Mavuno hayajaisha, akaniuliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Ugonjwa una njia zake, sikatai. Lakini kigoda tulileta sisi, na kicheko kilikuwa changu.

Sasa nami wameniletea kiti, cha plastiki, maana siku hizi madukani kila kitu kipo. "Babu, kaa tu." Hao wazee wako usiwakalishe.

Nawe nilikufunga kwenye mchezo wa bao siku ya Pasaka, ukaahidi kuniandikia vitendawili kumi. Sijaona hata kimoja. Vilete, na majibu usiandike. Humu ndani wa kunihurumia wametosha.

Babu yako,
Masanja