Lango la Nyuma

3 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Kifua chako kinaendeleaje? Mimi naamka, siku zinakwenda. Tangu tumzike baba yako, ranchi hii imenielemea. Jirani yetu, huyo unayemwita Baba Mdogo, anamwaga chumvi kando ya uzio. Ng'ombe wanaifuata, waya unalala, kisha anawafungia zizini kwake na kudai wamekula mahindi yake. Anachotaka ni bwawa letu. Bila bwawa, kiangazi hiki ng'ombe wetu watakufa wote. Naogopa, mwanangu.

Mama yako

15 Agosti

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona, hofu yangu ni wewe. Kwako simu haishiki, kwa hiyo nilimpigia Baba Mdogo. Nusura alie. Anasema uzio umeoza, na wewe humpi hata salamu. Mama, huyu ndiye aliyebeba jeneza la baba. Pengine ni uchungu tu. Usimnunie.

Mwanao

22 Agosti

Marahaba mwanangu,

Sina hata nguvu za kununa. Jana kawakamata ng'ombe wanaonyonyesha. Ndama wanalia huku, mama zao wanaitikia kule. Polisi wananiambia ni mambo ya majirani, tuyamalize wenyewe. Basi Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, yeye akiwa mnadani, nitawatoa waliobaki kwa lango la nyuma niwapeleke kwa mjomba wako mpaka mvua inyeshe. Ndiyo njia pekee iliyobaki. Usimwambie mtu.

Mama

29 Agosti

Shikamoo Mama,

Usinikasirikie. Sipati usingizi tangu nisome barua yako. Wewe peke yako njiani na kundi lote lile? Nimemweleza Baba Mdogo. Hakulalamika hata kidogo, kasema atakuja na vijana wake wakusindikize. Mtaongea njiani, yaishe.

Mwanao akupendaye

Jumatatu

Mwanangu,

Barua yako imefika leo. Yeye alifika jana. Nilipofungua lango nilimkuta amesimama, na vijana wake wakaniamkia kwa adabu. Wakawaswaga ng'ombe wote hadi zizini kwake. Kasema ni fidia ya mahindi, na atawaachia nikimwandikia bwawa. Hawajanywa maji tangu jana, nawasikia kutoka hapa nilipokaa. Mchana nitakwenda kuweka kidole kwenye hati ya bwawa.

Usije kuniomba radhi. Najua ulinitakia mema, na hasira niliyo nayo juu yako sijui nitaipeleka wapi.

Mama yako